Mkenya ana kipato kikubwa, Mtanzania anaishi miaka mingi: maisha bora yako wapi?

Kuna takwimu mbili ambazo nikiziweka pamoja hunikosesha raha. Mwaka 2023 pato la Kenya, likigawanywa kwa kila mtu, lilikuwa karibu dola 2,000 za Kimarekani. La Tanzania lilikuwa kama dola 1,200. Ukiishia hapo, ubishi umekwisha: Mkenya yuko mbele, tena mbali. Lakini mwaka huohuo, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mtoto aliyezaliwa Tanzania alitarajiwa kuishi karibu miaka 67, na aliyezaliwa Kenya chini ya miaka 64. Mwenye pesa zaidi anatangulia kaburini. Sasa nani anaishi vizuri?

Swali hili si la wachumi peke yao. Linaulizwa Namanga, Holili, Sirari na Horohoro kila siku, na watu wenye sababu ya kuuliza: mwalimu wa Kenya aliyepata kazi Arusha, mfanyabiashara wa vitunguu anayevusha mzigo kutoka Mang'ola hadi Nairobi, binti aliyeolewa ng'ambo ya mpaka na sasa anafikiria watoto wake wasome wapi. Vijiweni jibu huwa la ushabiki, kama mechi ya Simba na Gor Mahia. Mkenya anasema Watanzania wamelala, Mtanzania anasema Wakenya wanakimbia usiku na mchana na bado hawashibi. Ndani ya swali hilo moja mna maswali kadhaa yaliyofungwa kitita, na kila moja lina jibu lake, kwa hiyo tulifungue taratibu.

Dola ambazo hazimo mfukoni

Hizo dola 2,000 hazimo mfukoni mwa mtu yeyote. Ni thamani ya kila kilichozalishwa nchini kwa mwaka mzima, chai ya Kericho, miamala ya simu, mishahara ya walimu, faida za benki, ikagawanywa kwa vichwa kana kwamba tajiri wa Karen na mfugaji wa Turkana wanakula sahani moja.

Na thamani yenyewe hutegemea mizani. Septemba 2014 Kenya ilihamisha mwaka wa msingi wa hesabu zake, yaani mwaka unaotumika kama kigezo cha kupima uchumi, kutoka 2001 hadi 2009 na kuingiza shughuli ambazo hesabu ya zamani ilikuwa haizioni vizuri. Pato la taifa likapanda kwa asilimia 25 kwa siku moja, na Kenya ikahesabiwa miongoni mwa nchi za kipato cha kati. Hakuna sufuria iliyoongezeka nyama siku ile. Haukuwa udanganyifu, uchumi ulikuwa umekua kweli, ila kipimo kilikuwa kimechelewa. Tanzania nayo ilipandishwa daraja na Benki ya Dunia tarehe 1 Julai 2020, baada ya pato la mtu mmoja kutoka dola 1,020 hadi 1,080 wakati mpaka wa daraja ulikuwa dola 1,036. Dola 44 kwa mwaka ndizo zilizoitoa nchi katika fungu la maskini na kuiingiza katika fungu la kati.

Wachumi wanajua pia kwamba dola haifanyi kazi ileile kila mahali. Kunyoa nywele Singida na kunyoa nywele Westlands ni kazi moja kwa bei mbili. Ndiyo maana hurekebisha pato kulingana na uwezo wa kununua. Wengi huku kwetu huamini kwamba marekebisho hayo yakifanyika, pengo linafutika, kwa sababu Tanzania vitu ni rahisi. Halifutiki. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023/24, baada ya kurekebisha bei, iliipa Kenya dola 4,808 kwa mtu na Tanzania dola 2,578. Kwa kipimo cha pato, Kenya iko mbele kwa vyovyote utakavyogeuza, na sioni haja ya kulizunguka hilo.

Gorogoro na kisado

Sasa tuingie kwenye umaskini, maana hapa ndipo watu wengi hupotea.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya Tanzania wa mwaka 2017/18 ulisema asilimia 26.4 ya Watanzania wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Utafiti kama huo Kenya, wa mwaka 2015/16, ulisema asilimia 36.1. Ukisoma hivyo tu, Kenya yenye pato kubwa ina maskini wengi kuliko Tanzania. Takwimu hizi nimeziona zikitumika mara nyingi kufunga mjadala.

Ila mtu wa sokoni angeuliza kwanza: umepima kwa chombo gani? Kenya mahindi hupimwa kwa gorogoro, Tanzania kwa kisado au debe. Huwezi kusema mahindi ya Moshi ni ghali kuliko ya Taveta kabla hujatazama ukubwa wa kopo. Na kopo la umaskini la nchi hizi mbili halilingani hata kidogo.

Mstari wa Tanzania katika utafiti ule ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa dola za wakati ule ni kama 22. Kenya ilikuwa na mistari miwili: shilingi za Kenya 3,252 kwa mtu wa kijijini, sawa na kama dola 32, na shilingi 5,995 kwa mtu wa mjini, sawa na karibu dola 59. Kwa hiyo mtu wa Nairobi aliyekuwa na dola 50 kwa mwezi aliandikwa maskini, na mtu wa Mwanza aliyekuwa na dola 30 aliandikwa si maskini.

Nani aliamua hivyo? Mistari hii haitoki hewani. Kila nchi huanza na chakula: Tanzania ilichukua kapu linalompa mtu mzima kalori 2,200 kwa siku, Kenya kalori 2,250, karibu sawa. Kapu likapewa bei ya sokoni. Kisha juu yake huongezwa vitu visivyo chakula, na kiasi cha kuongeza hutokana na kile ambacho watu wa hali ya chini katika nchi hiyo hutumia kweli. Hapo ndipo njia zinapoachana. Mtu wa hali ya chini Nairobi hawezi kuishi bila kulipa kodi ya chumba, nauli ya matatu na maji ya mtungi. Mtu wa hali ya chini kijijini Tabora hana kodi ya nyumba, anakwenda shamba kwa miguu, na sehemu ya chakula chake haipiti sokoni kabisa. Kadiri jamii inavyoingia kwenye maisha ya pesa, ndivyo mstari wake wa umaskini unavyopanda. Kwa maneno mengine, maskini wa Kenya anapimwa kwa gharama ya kuwa Mkenya.

Tuchukue basi chombo kimoja. Kwa mstari wa kimataifa uliotumika hadi mwaka 2025, wa dola 2.15 kwa siku, uliorekebishwa kwa uwezo wa kununua, Kenya ilikuwa na karibu asilimia 36 ya watu wake chini ya mstari mwaka 2021, na Tanzania karibu asilimia 45 mwaka 2018. Majibu yamegeuka.

Hakuna aliyesema uongo. Mstari wa taifa uliwekwa ili serikali iwaone watu wake yenyewe, nani ameachwa nyuma, wilaya gani ipelekewe nini. Haukuwekwa kwa ajili ya kushindana na jirani. Anayeutumia kulinganisha nchi mbili analinganisha kisado na gorogoro, na kosa hilo nimelikuta hata katika maandishi ya watu waliosoma sana.

Mshahara na kinachoula

Mtu anayefikiria kuhama, lakini, haishi ndani ya mstari wa umaskini. Anaishi katika chumba, na chumba kina kodi.

Nairobi walio wengi mno ni wapangaji. Kodi hulipwa kila mwezi, pamoja na amana ya kuanzia, na mtunza nyumba anabisha hodi tarehe za mwanzo bila kukosa. Maeneo kama Pipeline kule Embakasi, majengo yamepanda ghorofa juu ya ghorofa, yamebanana hadi vyumba vya chini vinawasha taa mchana. Dar es Salaam mambo yamekaa vingine. Manzese, Tandale, Mbagala, nyumba nyingi ni za chini, vyumba vinatazamana, choo na uwanja ni vya wote. Kodi kwa kawaida ni nafuu, lakini mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Kijana anayeanza kazi Dar hahitaji tu mshahara. Anahitaji mtu wa kumkopesha kabla hajapokea mshahara wa kwanza.

Halafu kuna kitu ambacho hesabu za pato hazikioni vizuri, nacho ni kiwanja. Kenya zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ni kame au nusu kame, kwa hiyo watu wamebanana kwenye ile inayobaki na bei yake inatisha. Tanzania ina eneo kubwa zaidi, na ni jambo la kawaida kukuta mwalimu wa shule ya msingi au fundi cherehani amenunua kiwanja Chanika au Kivule, pembezoni mwa Dar, anapandisha tofali kidogokidogo kwa miaka kumi. Nyumba ile haina lipu, dirisha moja limezibwa kwa mabati, lakini ni yake. Mwenzake wa Nairobi mwenye mshahara mkubwa zaidi anaweza kustaafu akiwa bado anamsubiri mtunza nyumba tarehe tano. Ukiniuliza mimi, hapa Mtanzania wa kipato cha chini amepata unafuu mkubwa kuliko takwimu zinavyoonyesha.

Umeme unakwenda kinyume na hapo. Mwaka 2022 karibu robo tatu ya Wakenya walikuwa nao, na Watanzania hawakufika nusu. Serikali ya Tanzania husema vijiji vimefikiwa, na ni kweli, nguzo zimefika. Kutoka kwenye nguzo hadi kwenye balbu ya nyumba ya mama mjane ni safari nyingine. Aliyeunganishwa, hata hivyo, hulipa kidogo: nyumba ya matumizi madogo, chini ya uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Shilingi moja ya Kenya ni kama 20 za Tanzania, na kwa kiasi hichohicho cha umeme Mkenya hulipa mara kadhaa ya hapo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024, kwa hiyo tatizo la Tanzania sasa si umeme kutokuwepo. Ni waya.

Shule nazipita haraka, kwa sababu hapa hakuna fumbo: kwa ripoti ileile ya 2023/24, mtu mzima wa Kenya alikuwa na wastani wa miaka 7.7 ya masomo, wa Tanzania 5.6. Kenya iliondoa ada ya msingi mwaka 2003, Tanzania iliiondoa mapema kidogo, lakini sekondari hadi kidato cha nne ikawa bila ada Tanzania mwaka 2016 tu. Pengo la leo ni la watu wazima waliokosa nafasi zamani, na litachukua muda kuzibika.

Miaka mitatu ile

Turudi kwenye umri wa kuishi. Kabla ya kutafuta sababu, tujue hesabu inapatikanaje. Katika nchi zote mbili vifo vingi havisajiliwi. Babu akifa kijijini anazikwa, matanga yanakaliwa, na hakuna karani anayeandika. Kwa hiyo umri wa kuishi unakadiriwa kutokana na sensa na tafiti, ambako wanawake huulizwa watoto waliozaa na waliopoteza, na dada zao walio hai na waliofariki. Takwimu inayotoka hapo inaonyesha njia inakoelekea. Si mizani ya dhahabu.

Tukiikubali kwa tahadhari hiyo, kuna jambo linaonekana. Tafiti za afya za mwaka 2022 zinakaribiana mno upande wa watoto: Kenya vifo 41 kwa kila watoto 1,000 kabla ya kufikisha miaka mitano, Tanzania 43. Kama watoto wanakufa sawa, basi miaka ile mitatu na ushee inapotelea kwa watu wazima, na sehemu yake kwa akina mama. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2020 Kenya ilipoteza akina mama 530 kwa kila vizazi hai 100,000, na Tanzania 238. Utafiti wa Tanzania wenyewe wa 2022 ulipata 104, wakati ule wa 2015/16 ulikuwa umepata 556. Sithubutu kuapa kwa namba yoyote kati ya hizo. Lakini kazi iliyofanyika Tanzania ya kuvipa vituo vya afya vya chini vyumba vya upasuaji, ili mama asisafirishwe hadi hospitali ya wilaya akiwa katikati ya uchungu, ni kazi ya kweli, na wanawake walio hai leo kwa sababu yake ni wa kweli.

Ripoti ile ya Umoja wa Mataifa huchanganya umri, elimu na pato katika fahirisi moja, yaani namba moja ya jumla. Ya mwaka 2023/24 ilitoa: Kenya 0.601, Tanzania 0.532. Ona kilichotokea. Tanzania imeshinda kwenye umri, ikashindwa kwenye shule na pesa, na mwisho ikawekwa nyuma. Anayethamini kuishi kuliko kumiliki angezipanga nchi hizi kinyume. Fahirisi ina maadili ndani yake, hata ikiandikwa kwa desimali tatu.

Kuna mambo ambayo haiyagusi kabisa. Kwa miaka mingi Mtanzania alipojibu swali la maisha bora alianza na amani, na Mkenya alianza na uhuru wa kusema. Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga muswada wa fedha, baadhi wakauawa, na muswada ukaondolewa. Tanzania, uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliambatana na maandamano, mauaji, amri ya kutotoka nje na kuzimwa kwa intaneti. Majibu yale ya zamani hayatoki tena mdomoni kwa wepesi, upande wowote.

Kenya ipi, Tanzania ipi?

Mwaka 2015/16 umaskini Turkana ulikuwa asilimia 79.4, Nairobi asilimia 16.7. Tanzania mwaka 2017/18 Rukwa ilikuwa na asilimia 45, Dar es Salaam asilimia 8. Pengo la ndani ya kila nchi ni kubwa kuliko pengo kati ya nchi. Mtu wa Lodwar kule Turkana na mtu wa Kilimani, Nairobi, wana pasipoti moja, wimbo mmoja wa taifa, na karibu hakuna kingine. Kwa hiyo anayeniuliza ahamie wapi, nami humuuliza: unatoka mtaa gani, unakwenda mtaa gani, na una ujuzi gani? Mhandisi wa programu atalipwa vizuri zaidi Nairobi. Mkulima asiye na ardhi atapumua zaidi Tanzania. Mama mjamzito ningemuuliza kwanza kituo cha afya kiko umbali gani.

Lakini ukinilazimisha kuchagua kipimo kimoja, nitaacha dola, nitaacha mistari yote miwili, nitachagua urefu wa mtoto. Mtoto wa chini ya miaka mitano akiwa mfupi mno kwa umri wake kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, huitwa mwenye udumavu. Urefu haudanganyi. Umekusanya ndani yake kila kitu: alichokula mama akiwa mjamzito, kuharisha kulikotokana na maji machafu, uji uliokosa maharage na yai, wakati ambao mama alikosa wa kumnyonyesha kwa sababu palizi lilikuwa linamsubiri. Na hauna kopo kubwa na kopo dogo. Sentimita ni sentimita Kisumu na Kigoma.

Mwaka 2022 udumavu Kenya ulikuwa asilimia 18. Tanzania ulikuwa asilimia 30.

Kinachoniumiza ni mahali ulipo. Iringa zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, Njombe nusu hivi, Rukwa vilevile. Hii ndiyo mikoa inayolisha taifa. Mahindi, viazi, maharage na maziwa vinatoka huko, vinapakiwa kwenye malori, vinakwenda Dar na vingine vinavuka mpaka kwenda Kenya. Debe linauzwa ili kupata mbolea, ada na bati, na nyumbani kunabaki ugali, asubuhi uji mweupe wa mahindi, jioni ugali. Mtoto anashiba. Tumbo limejaa, mifupa haina cha kujengea. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mdogo analelewa na dada wa miaka minane. Shamba ni kubwa, ghala limejaa, na kwa mstari wowote wa umaskini unaotumia mazao, kaya ile inaweza kuandikwa kuwa inajiweza. Kenya nayo ina aibu yake: Kilifi, kaunti yenye bahari, samaki, minazi na hoteli za watalii, asilimia 37 ya watoto wamedumaa.

Kenya ilikuwa na asilimia 35 mwaka 2008/09, ikashuka hadi 18. Tanzania ilikuwa na 42 mwaka 2010, ikashuka hadi 30, karibu asilimia moja kila mwaka. Kwa mwendo huo itafika mahali Kenya ilipokuwa 2022 ifikapo mwaka 2034 hivi. Mtoto aliyezaliwa Njombe mwaka ule wa utafiti atakuwa na miaka 12, anamaliza shule ya msingi, na urefu wake umeshaamuliwa zamani.